"Mambo?" ya Kila Wiki Inavyojenga Tabia

Kuanzia 2007, watu wanaoishi na VVU katika kliniki tatu nchini Kenya, ikiwemo ya Pumwani hapa Nairobi, walitumiwa SMS moja kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida" au kunyamaza alipigiwa simu na kliniki. Matokeo yalichapishwa 2010: 62% ya waliopata SMS walimeza dawa inavyotakiwa, dhidi ya 50% ya wasiopata.

Hapo hapakuwa na programu ya bei. Palikuwa na siku maalum na mtu anayesubiri jibu. Ukiwa Nyayo Highrise au Kibera, hata na kabambe, unaweza kuiga:

1. Chagua tabia moja tu: kumeza dawa ya presha, au kushuka stage moja mapema na kumalizia kwa miguu.

2. Patana na jirani au ndugu mtumiane "Mambo?" kila Jumatatu. Jibu ukweli.

3. Tenga pesa mapema. Kukumbushwa hakusaidii kama pesa ya dawa ilishaenda kwa tokeni za stima. Mshahara ukiingia, weka ya dawa kwenye akiba iliyofungwa, ifunguke siku ya kununua.

Na kumbuka: anayekujulia hali hahitaji PIN yako. Akiiomba, huyo ni tapeli.

Jumatatu hii, nani atakuuliza "Mambo?"