Chura wa Kihansi na Bei ya Umeme

Mto Kihansi hutiririka kutoka nyanda za juu za Mufindi, mkoani Iringa, hadi ukingoni mwa milima ya Udzungwa, kisha huporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Katika umbali mfupi tu maji hushuka zaidi ya meta 800. Tanzania ya miaka ya 1990 haikuweza kuyaacha maporomoko ya namna hiyo. Mvua zilipokosekana bwawa la Mtera lilipungua, mgawo wa umeme ukaanza, viwanda vikasimama na wenye mashine za kusaga wakakaa bure. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ujenzi wa kituo cha megawati 180 ulianza Kihansi katikati ya miaka hiyo.

Mradi wenyewe ulionekana wa kiungwana. Bwawa lake ni dogo, halikuzamisha vijiji wala mashamba makubwa. Maji huchepushwa juu ya maporomoko, huingia kwenye handaki ndani ya mwamba na kushuka hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi, kisha hurudishwa mtoni upande wa chini. Kilichosahaulika ni kile kipande cha mto katikati, yaani korongo lenyewe, ambalo lingebaki karibu kavu.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wakichunguza korongo hilo walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimeta tatu hata akikomaa. Hatagi mayai majini. Huzaa watoto waliokamilika, wasiopitia hali ya kiluwiluwi nje ya tumbo la mama. Aliishi kwenye ardhioevu ya hekta chache tu, iliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko, na hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani. Wanasayansi walimpa jina rasmi, *Nectophrynoides asperginis*, mwaka 1999. Mitambo ilianza kazi kati ya mwaka huo na 2000, sehemu kubwa ya maji ikaingia handakini na manyunyu yakakatika.

Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto. Wako waliouliza, na swali lao halikuwa la kipuuzi, kama nchi maskini inapaswa kukaa gizani kwa ajili ya chura. Bei ya kumwokoa inakadirika. Kila meta moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikishuka meta 850 hivi, hutoa takriban megawati 7. Maji yaliyokubaliwa hatimaye kuachwa yapite korongoni ni kati ya meta 1.5 na 2 za ujazo kwa sekunde, sawa na takriban megawati 11 hadi 14. Masika hasara hiyo haionekani sana, kwa kuwa mto una maji ya ziada. Kiangazi, mto unapopungua, ndipo inapouma.

Lakini hiyo ni bei ya maji peke yake. Kwa kuwa suala lilizuka baada ya mwamba kutobolewa, gharama nyingine zilifuata. Mabomba ya kunyunyizia yalitandazwa korongoni ili kuiga manyunyu ya asili. Mwishoni mwa 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye wengine wakalelewa Toledo. Walikufa kwa wingi huko hadi wakabaki wasiofika 100, kabla walezi wao hawajajua namna ya kuwatunza. Korongoni nako, hesabu ya Juni 2003 ilionyesha vyura takriban 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu kutoweka. Ugonjwa wa kuvu unaoua vyura katika mabara mengi ulikutwa humo. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura huyo ametoweka porini. Mwaka uliofuata kizazi cha waliolelewa ng'ambo kilirudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Wanaosema nchi ikue kwanza, mazingira yatasafishwa baadaye, wana hoja pale uharibifu unapokuwa wa moshi au maji taka, vitu ambavyo fedha huweza kuviondoa. Kiumbe mwenye makao mamoja hana "baadaye". Na ikumbukwe kwamba maji yanayomfaa chura huyo yangeweza kupangwa tangu kwenye michoro, kwa gharama ndogo kuliko ndege, maabara na mabomba. Siku hizi Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari ifanyike kabla mradi haujaanza.

Upande wa pili wa hadithi uko juu ya bwawa, na huzungumzwa kidogo mno. Megawati 180 hutegemea misitu na chemchemi za Mufindi. Wakulima wa huko hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye matuta na mifereji, ambako mahindi na mboga hustawi kiangazi na kuuzwa wakati bei ni nzuri. Ada za shule nyingi hutoka humo. Sheria hiyohiyo ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, na katika bonde jembamba meta 60 kila upande humeza kinyungu chote. Mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo nayo hutakiwa ing'olewe kwa sababu hunywa maji mengi.

Kwa hiyo huku juu hifadhi na uchumi haviko kambi mbili. Anayehifadhi chemchemi anazalisha umeme, ila umeme huo huwaka zaidi mijini, na mapato yake hukusanywa na shirika la umeme, wakati aliyeacha kulima kinyungu amepoteza kipato cha kiangazi kizima. Kulipia huduma hiyo kutoka kwenye mauzo ya umeme ni jambo linalowezekana kihesabu, kama megawati za chura zilivyowezekana kuhesabiwa. Bila malipo ya aina hiyo vinyungu vitaendelea kulimwa, sheria iwepo isiwepo, na mitambo ya Kihansi itakosa maji bila chura kuwa wa kulaumiwa.