Mguu wa Babu, Mguu Wako: Si Laana, Ni Neva

Lowesha unyayo kisha kanyaga simiti. Kisigino kimeacha alama, sehemu ya mbele pia, lakini katikati pakavu kabisa? Vidole navyo vimejikunja kama vinashika kitu? Halafu ukimcheki babako, mguu ni ule ule. Na babu vilevile.

Ukiwa Muthara, hapo utasikia mtu akitaja laana ya ukoo. Tulia kwanza.

Kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa Charcot-Marie-Tooth, kwa kifupi CMT. Tooth hapa si jino, ni jina la daktari Mwingereza. Yeye na Wafaransa wawili, Charcot na Marie, waliueleza mwaka 1886. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,500 duniani, kwa hivyo si kitu cha ukoo wenu peke yenu.

Iko hivi: neva ni kama nyaya za stima. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, ule mpira unaofunika waya ndio wenye kasoro. Nyaya ndefu huumia kwanza, na ndefu zaidi ni zile za miguuni. Misuli mingine inalegea, mingine inaendelea kuvuta, basi unyayo unapanda juu kama daraja na vidole vinajikunja. Baadaye mguu unaanza kuburuta, mtu anainua magoti kama anayevuka tope. Mtoto akijikwaa kila saa shuleni anaitwa mvivu, kumbe ni waya.

Kwa aina hiyo, mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50 kuirithi, awe msichana au mvulana.

Jaribu hivi: shika ukuta, tembea kwa visigino. Ukishindwa, haimaanishi tayari una CMT, lakini nenda hospitali kuu ya Meru, na useme wazi nani mwingine nyumbani ana mguu kama huo. Hiyo historia inamsaidia daktari sana.

Dawa ya kuiponya bado haijapatikana. Lakini mazoezi ya viungo, vifaa vya kushikilia kifundo na upasuaji humfanya mtu aendelee kutembea vizuri. Kwa watoto, hospitali ya CURE pale Kijabe inatibu mifupa na viungo tangu 1998. Na kama ganzi imeshaingia, kagua nyayo kila jioni, maana kidonda usichokisikia ndicho hatari.

Pesa ya mganga, msee, fanya nauli.