Lubumbashi: Mzizi wa kifafa na maswali matatu ya maabara

Katika komine ya Kenya, mjini Lubumbashi, mzazi mwenye mtoto anayeanguka kifafa ana njia mbili. Ya kwanza inaelekea hospitali, kwenye vidonge vya fenobarbitali vya kumeza kila siku kwa miaka. Ya pili inaelekea sokoni, kwa wauza mizizi na magome. Wako wanaofuata zote mbili bila kumwambia mganga wa hospitali, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Je, mzizi unaweza kutuliza kifafa? Sayansi haikatai. Mwaka 2005, watafiti wa Tanzania walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, ambako waliwahoji waganga wa asili 100. Waganga 30 walisema kifafa kinaletwa na uchawi. Hata hivyo, mimea waliyoitaja ilifika 60, na mitatu kati yake, Abrus precatorius, Clausena anisata na Hoslundia opposita, ilikuwa imekwisha kuonyesha maabarani kwamba inaweza kuzuia degedege.

Kipimo kinafanywa hivi. Mzizi unakaushwa, unasagwa na kulowekwa katika maji au alkoholi. Maji hayo yanachujwa, kisha yanakaushwa hadi ubaki unga. Panya wanagawanywa katika makundi: wengine wanapewa maji matupu, wengine dawa inayojulikana kama diazepamu, na wengine unga wa mzizi kwa vipimo mbalimbali. Halafu wote wanadungwa kemikali inayoleta degedege. Watafiti wanahesabu panya walioanguka, baada ya dakika ngapi, na waliokufa. Hilo ndilo swali la kwanza: mzizi unazuia?

Swali la pili: unadhuru? Panya anawekwa juu ya fimbo inayozunguka. Akishindwa kujishikilia, huenda mzizi unamlevya tu, na kulala si kupona. Sumu nayo inapimwa. Mbegu za Abrus precatorius, zile nyekundu zenye doa jeusi, zina abrini, sumu inayoweza kuua mtu. Kwa hiyo jina la mmea peke yake halitoshi. Lazima kujua ni sehemu gani na kwa kiasi gani.

Swali la tatu: unapatana na dawa nyingine? Mzizi wa Rauvolfia vomitoria, mti unaoota Congo, una reserpini, dawa ambayo wanakemia waliitenga mwaka 1952 kutoka mmea wa jamii hiyo. Ilitumika kutibu wagonjwa wa akili na wenye presha ya damu. Mtu anayekunywa mzizi huo pamoja na vidonge vya presha anaweza kushuka presha kupita kiasi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wamekwisha kuwahoji waganga wa mji huu juu ya mimea ya malaria na ya kisukari, na kuipima baadhi yake. Mizizi ya kifafa inastahili kazi hiyo hiyo. Na hata panya wakipona, bado inabaki kupima kwa watu, chini ya uangalizi.

Kwa sasa, familia zikumbuke jambo moja: kuacha fenobarbitali ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, hata kifo. Anayetumia mzizi asiache vidonge, na amwambie mganga wa hospitali anachokunywa.