Jembe la Mgeni Huko Marekani

Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 wa Afrika ya Mashariki, wengi wao wa Kenya, walishuka New York kwa ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Bwana Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani. Hata kufika 1963 wenzao mamia walikuwa wamewafuata. Baadhi yao walikaribishwa kukaa nyumbani mwa wenyeji.

Humo furaha na taabu ziliandamana. Wenyeji walikuwa wema na mablanketi yalikuwa tele. Lakini chakula kilikosa ladha ya kwao, theluji ilifunga njia, na barua ya mama ilikawia. Tena kijana aliyefunzwa kwamba jikoni si mahali pa wanaume alimwona baba wa nyumba akiosha sahani!

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huko lilikuwa kitambaa cha kufutia vyombo na sepetu ya kuondolea theluji. Aliyelishika bila kuambiwa alihesabiwa mtoto wa nyumba; aliyejifungia chumbani na vitabu alibaki mpweke, hata kama alifaulu mitihani.

Mzazi amfungiaye mwanawe sanduku la safari na amfunge na neno hili.