Shairi lisilo na vina ni shairi? Ubishi wa nusu karne wa wasomaji wa Tanzania na Kenya

Katika nchi jirani za Tanzania na Kenya kuna ubishi wa wasomaji uliodumu kwa takriban nusu karne na ambao hadi leo haujapata mwamuzi. Mara nyingi huanza kwa jambo dogo. Mtu anasoma shairi barazani au darasani, na mwenzake anamkatiza: hilo si shairi, kwa sababu halina vina wala mizani. Msomaji anajibu kwamba ushairi umo katika fikra na picha, na kwamba hesabu ya silabi ni pambo tu. Wengine wanaingilia kati, majina ya vitabu na watunzi yanatajwa, na mwishowe mazungumzo yanafika kwenye swali ambalo halikuwamo mwanzoni: Kiswahili hasa ni cha nani?

Swali hilo ndilo linaloufanya ubishi huu uwahusu pia wasemaji wa Kiswahili wa Bujumbura, Rumonge na miji mingine iliyo mbali na bahari. Wengi wao wamewahi kuambiwa kwamba Kiswahili cha kweli kiko pwani na kwamba wao ni waazimaji tu. Historia ya mgogoro wa ushairi inaonesha sura nyingine.

Sheria inadai nini

Shairi lililozoeleka zaidi katika Kiswahili lina beti za mistari minne. Kila mstari umegawanyika vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Mtu akiandika "Mgeni wetu karibu, karibu ukae nasi", atapata mizani nane upande wa kwanza na nane upande wa pili. Kipande cha kwanza kimeishia kwa "bu" na cha pili kwa "si". Hivyo ndivyo vina, na mtunzi atatakiwa kuvirudia katika mistari inayofuata ya ubeti huo. Utenzi nao una mistari mifupi ya mizani nane, na kina cha mstari wa mwisho hurudiwa katika kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati.

Kanuni hizi zina umri mkubwa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Mwengo wa Athumani, una nakala ya mwaka 1728. Huko Mombasa, Muyaka bin Haji aliyatumia mashairi ya mistari minne mwanzoni mwa karne ya 19 kuwajibu mahasimu wa mji wake, kusifu, kukejeli na kuomboleza. Tungo hizo zilikaririwa na kughaniwa, na vina vilimsaidia msikilizaji kuzishika kichwani.

Katika karne ya 20 magazeti yaliueneza mtindo huo hadi bara. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Mtu wa mji mmoja aliuliza fumbo kwa shairi, na wa mji mwingine akamjibu kwa vina vilevile. Karani, mwalimu na mfanyabiashara waliweza kubishana hadharani bila kutukanana, kwa kuwa kanuni ziliwalazimisha wote kufikiri kabla ya kujibu.

Mtu wa Ujiji aandika sheria

Wengi wanaposikia habari za wanajadi, yaani watetezi wa vina na mizani, hufikiri mara moja Lamu, Mombasa au Unguja. Hata hivyo, kitabu kilichoziweka kanuni hizo katika maandishi na kuwafunza watunzi wa Afrika Mashariki nzima kilitoka kwa mtu wa Ziwa Tanganyika. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mkoani Kigoma, mwaka 1924. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali, hadi alipofariki mwaka 1964.

Ujiji ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka pwani, na misafara hiyohiyo ndiyo iliyokifikisha Kiswahili kwenye fukwe za Burundi na mashariki ya Kongo. Kwa maneno mengine, sheria ambayo leo hutajwa kuwa ya pwani iliandikwa na mtoto wa mji jirani kabisa na Burundi.

Hakuwa peke yake. Mathias Mnyampala, Mgogo kutoka Dodoma, katikati ya Tanzania, alikuwa miongoni mwa washairi mashuhuri wa vina na mizani, na ndiye anayehusishwa zaidi na ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo wanafunzi huyatamka jukwaani. Kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilichukua jina la chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Mwaka 1974 na kitabu cha Kichomi

Aliyeuwasha moto mkubwa alitoka ziwa jingine. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Tayari alikuwa amejulikana kwa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974. Mashairi mengi ya diwani hiyo hayakufuata vina wala mizani. Yeye alijitetea kwamba alitaka kuukaribisha ushairi kwenye lugha ambayo watu huitumia kila siku.

Wanajadi walikasirika. Kwao, kijana wa chuo kikuu alikuwa ameshindwa kazi ya ufundi na sasa anataka kushindwa kwake kuitwe usasa. Walisema kwamba tungo zake ni nathari iliyokatwakatwa mistari, na kwamba ameiga vitabu vya Kizungu alivyosoma darasani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, wote wawili watu wa bara, walichapisha diwani waliyoiita Malenga wa Bara. Jina hilo peke yake lilikuwa tamko. Malenga ni cheo cha heshima cha mtunzi bingwa, na hapa cheo hicho kilidaiwa na watu wa bara bila kuomba radhi. Baadaye wawili hao waliandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakatetea hoja kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili haukunyamaza. Katika miaka ya 1980, Jumanne Mayoka alikipa kitabu chake jina lililoeleza hali halisi: Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka.

Hoja za pande mbili

Hoja yenye nguvu zaidi ya wanajadi ni ya sikio. Kaluta Amri Abedi aliufungamanisha ushairi na wimbo: utungo usioimbika, kwake, umepungukiwa. Katika jamii ambamo watu wengi hupokea mashairi kwa kusikia, iwe msikitini, harusini au redioni, hoja hii si ndogo. Mzee asiyejua kusoma anaweza kukariri beti nyingi za utenzi. Ni vigumu kukariri ukurasa wa shairi huru kwa namna hiyo.

Wanajadi huongeza kwamba kanuni zenyewe zina nafasi ya kupumua. Mtunzi anaruhusiwa kufupisha neno, kwa mfano "aliyekuja" likawa "alokuja". Ufupishaji huo huitwa inkisari. Anaruhusiwa pia kulirefusha neno, jambo linaloitwa mazida, na hata kupindua mpangilio wa maneno. Bingwa hujulikana kwa kuzitumia ruhusa hizi bila msikilizaji kuhisi kwamba amebanwa.

Wanamabadiliko hulijibu hilo kwa mifano ambayo kila msomaji wa magazeti anaifahamu: mashairi yaliyojaa maneno ya kujazia, ambamo mtunzi amesema asichokusudia ili tu apate kina. Wanasema pia kwamba nyimbo za ngoma, za kazi na za kubembeleza watoto zilikuwako kabla ya kanuni kuandikwa, na nyingi hazikuhesabiwa silabi nane kwa nane. Kwa mtazamo huo, shairi huru linaweza kuwa na asili ya Kiafrika kuliko wakosoaji wake wanavyodhani.

Washairi hawakukaa kwenye kambi zao

Ugumu wa kuufanya huu uwe ugomvi wa pwani na bara unaonekana wazi zaidi Mombasa. Abdilatif Abdalla, wa mji huo, alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Akiwa gerezani alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yote yakifuata kanuni kwa umakini mkubwa. Alamin Mazrui, ambaye naye ni wa pwani ya Kenya na ambaye aliwekwa kizuizini mwaka 1982, alitoa diwani ya Chembe cha Moyo mwaka 1988, na humo alilipa shairi huru nafasi kubwa. Wote wawili ni wa pwani moja na wote walionja kifungo, lakini kila mmoja aliupokea urithi wa mashairi kwa namna yake. Nchini Tanzania, Ebrahim Hussein, mtu wa pwani ya kusini, alikuwa akiandika mashairi huru hata kabla ya Kichomi kutoka.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama karibu na Ziwa Victoria, alishiriki pande zote mbili. Alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, aliiandika kwa mistari ya ushairi isiyofungwa na vina. Alipozigeuza Injili kuwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1996, alichagua utenzi wenye vina na mizani kamili. Inaelekea kwamba kilichomwongoza ni kazi iliyokuwa mbele yake: maneno ya jukwaani yalihitaji mwendo wa mazungumzo, na maandiko ya kukaririwa yalihitaji mapigo ya wimbo.

Shule zimekubali, baraza bado

Leo shule za nchi hizo mbili zinafundisha mashairi ya aina zote mbili. Nchini Kenya, mtahiniwa wa kidato cha nne anatarajiwa kulichambua shairi la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni, na vilevile shairi huru. Kezilahabi, aliyefariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020, sasa husomwa kama mmoja wa waandishi wakuu wa lugha hii. Wakati huohuo mashairi ya vina yanaendelea kuchapishwa magazetini na kuimbwa katika taarabu. Wale waliotabiri kwamba shairi huru lingeua lile la zamani hawakupatia, wala hawakupatia waliotabiri kwamba lenyewe lingekufa.

Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, ubishi unaendelea, na unafaa uendelee, kwa kuwa unawafanya watu warudi kwenye vitabu kutafuta ushahidi. Hatari yake ni pale neno "hilo si shairi" linapogeuka kuwa "wewe si Mswahili". Aliyeambiwa hivyo hawezi kujibu kwa kuhesabu silabi, na huenda akaacha kuandika kabisa.

Kijana wa Buyenzi au Rumonge anayeandika leo ana jibu analoweza kulitoa katika historia yenyewe. Kanuni za shairi ziliandikwa na mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, maji yaleyale yanayofika Bujumbura. Zilivunjwa na mtu aliyezaliwa kisiwani katika Ziwa Victoria, ambaye Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili. Wote wawili walijifunza kwanza walichokikuta: Amri akakipanga, Kezilahabi akakibadilisha. Hakuna aliyesubiri ruhusa kutoka pwani.