Mate Yanavyoweza Kufichua Saratani ya Kinywa

Kidonda cha kinywani kisichouma hakimshughulishi mtu. Mwenyewe hudhani amejiuma, husukutua kwa maji ya chumvi, kisha huendelea na kazi zake. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza hivyo, na wengi hufika hospitalini maumivu yakishazidi, wakati uvimbe umeshaingia shingoni.

Ndiyo maana watafiti wameyageukia mate. Mate huosha kila pembe ya kinywa, na seli za saratani zinapokua huacha ndani yake protini na chembe za RNA kwa viwango visivyo vya kawaida. Viashiria hivyo ndivyo vinavyotafutwa maabarani. Mtu hadungwi sindano. Hukaa angalau saa moja bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, kisha hutema mate chupani.

Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilinganisha mate ya wagonjwa 32 na ya watu 32 wasio na ugonjwa huo. Kwa kuunganisha viashiria vinne vya RNA, waliwatambua asilimia 91 ya wagonjwa, na asilimia 91 ya wazima pia wakatambuliwa kuwa wazima.

Hesabu hiyo inavutia, lakini ina upande wa pili. Kwa kiwango hicho, wakipimwa watu 1,000 wazima, takriban 90 wangeambiwa wana dalili za saratani ilhali hawana. Isitoshe, fizi zilizovimba tu zaweza kupandisha kiashiria kama IL-8. Kwa hivyo anayeshukiwa kuwa na saratani bado hukatwa kipande kidogo cha nyama kidondani, kikachunguzwa kwa hadubini. Hicho ndicho kinachoamua.

Mkazi mwenye kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilotoka, au uvimbe usioeleweka, asisubiri kipimo cha mate wala maumivu; afike kituo cha afya kilicho karibu. Wanaotafuna popoo, kuber au tumbaku nyingine, wavutaji sigara na wanywaji pombe wamo hatarini zaidi, hasa anayevuta na kunywa pia.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Mhudumu humulika kwa tochi, huinua ulimi, huvuta mashavu na kupapasa shingo. Mwenye meno ya bandia huombwa ayatoe kwanza, kwani kidonda huweza kujificha chini yake.