Utunzaji wa Nyaraka za Programu Huria: Mfano wa Debian

Debian, mkusanyiko wa programu huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000 toleo lake la 12 lilipotolewa mwaka 2023. Kanuni zake zaeleza bayana kwamba programu isiyoambatana na ukurasa wa mwongozo ina dosari, japo yenyewe itende kazi barabara. Aghalabu mwongozo huwa sahihi siku unapoandikwa, kisha huchakaa. Programu hubadilishwa, amri ya zamani huondolewa, nao ukurasa hubaki ukiitaja. Mtumiaji anayeufuata huambulia patupu, au hata kufuta faili asizokusudia.

Ndiposa kutunza nyaraka ni hasa kazi ya kupogoa: kuondoa maelezo yaliyopitwa na wakati, kuunganisha kurasa zinazorudia jambo moja, kusawazisha istilahi. (Sifa zake ni haba, anayeshangiliwa ni mwandishi wa msimbo.)

Tafsiri nazo huongeza mzigo. Zana iitwayo po4a huigawa matini katika aya. Aya ya asilia ikibadilika, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka, na msomaji huonyeshwa Kiingereza hadi mtafsiri atakapoipitia upya.